Siku Moja ya Makasri na Mitaa ya Kale ya Seoul: Ratiba, Viingilio na Yanayoharibu Safari

Kutoka kasri la Gyeongbokgung hadi kasri la Changdeokgung ni mwendo wa chini ya nusu saa kwa miguu, na mtaa wa Bukchon uko katikati yao. Umbali basi haumsumbui mgeni. Kinachomsumbua ni saa. Kasri la kwanza lina saa yake ya kufunguliwa, Bukchon ina saa zilizowekwa na serikali ya wilaya, na bustani ya Changdeokgung inauza tiketi za muda maalum ambazo huisha. Panga hayo matatu kwanza, kisha mengine yatajaza nafasi zinazobaki.

Saa zote hapa chini ni za Kiswahili. Tiketi na mabango ya Korea huandika kwa mfumo wa saa 24, kwa hiyo ukiona 14:30 jua ni saa 8:30 mchana. Kosa la kusoma tiketi vibaya limewapotezea watu bustani nzima.

Siku gani uende

Gyeongbokgung hufungwa Jumanne. Changdeokgung, Changgyeonggung na Deoksugung hufungwa Jumatatu. Ratiba hii inahitaji Gyeongbokgung na Changdeokgung kwa siku moja, hivyo Jumatatu na Jumanne zote mbili zinatoka. Jumamosi na Jumapili kuna msongamano mkubwa, hasa majira ya maua ya mwezi wa Aprili na ya majani mekundu mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Novemba. Zinabaki Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Jumatano ya mwisho wa mwezi kuingia makasri ni bure, jambo linalookoa pesa kidogo na kuongeza watu wengi. Kama hubanwi na bajeti, iache.

Epuka pia sikukuu za Seollal (mwaka mpya wa kalenda ya mwezi) na Chuseok (sikukuu ya mavuno) ikiwa lengo lako ni kula na kununua. Makasri huwa wazi na huwa bure, lakini maduka na migahawa mingi midogo hufunga kwa sababu wenyewe wamekwenda kwao.

Mambo ya kumaliza kabla ya siku yenyewe

La kwanza ni tiketi ya bustani ya nyuma ya Changdeokgung, inayoitwa Huwon. Tiketi za mtandaoni hufunguliwa siku 6 kabla, saa 4 asubuhi kwa saa za Seoul. Nairobi na Dar es Salaam hiyo ni saa 10 alfajiri, kwa hiyo ukiwa bado nyumbani weka kengele. Lenga awamu ya kati ya saa 8 na saa 9 mchana. Ukikosa, sehemu ya tiketi huuzwa dirishani siku hiyohiyo kuanzia kasri linapofunguliwa saa 3 asubuhi. Hapo itabidi ugeuze ratiba: uanzie Changdeokgung, ununue tiketi ya mchana, kisha uende Gyeongbokgung.

La pili ni kadi ya usafiri ya T-money. Inauzwa kwenye maduka madogo ya saa 24 na kwenye mashine za vituoni. Kadi yenyewe huja bila salio, na mashine nyingi za kuongezea salio hutaka noti, kwa hiyo tembea na won 20,000 taslimu hata kama una kadi ya benki. Tangu Juni 2025 nauli ya kuanzia ya treni ya chini ya ardhi ni won 1,550. Unapotoka kwenye basi gusisha kadi tena, vinginevyo unapoteza haki ya kubadilisha kwenda basi au treni nyingine bila kulipa nauli ya kuanzia upya ndani ya dakika 30. Mgeni atakayepanda mara nne au zaidi kwa siku anafaidi zaidi akichukua Climate Card ya siku moja, won 5,000, ukiacha bei ya kadi yenyewe.

La tatu ni ramani. Google Maps kwa miaka mingi imekuwa dhaifu Korea kwenye njia za waenda kwa miguu, na vichochoro vya Bukchon ndivyo vinavyomuumbua mtu. Pakia Naver Map, ina Kiingereza, na inakuonyesha hadi namba ya mlango wa kituo. Namba hiyo ni muhimu kuliko jina la kituo. Ukitokea mlango usio wako utajikuta ng'ambo ya barabara ya njia nane, ukitafuta pa kuvukia.

Viatu viwe bapa na vizibe vidole. Nyua za makasri zina mchanga wa chengachenga unaoingia kwenye ndala, na mawe yaliyochongwa vibaya kwa makusudi.

Saa 3 asubuhi: Gyeongbokgung

Shuka kituo cha Gyeongbokgung, njia namba 3, utokee mlango wa 5. Mlango huo unakutoa karibu kabisa na ua wa mbele wa kasri. Kiingilio ni won 3,000. Kasri hufungwa saa 12 jioni masika na vuli, saa 12:30 kiangazi, na saa 11 jioni kuanzia Novemba hadi Februari. Mwisho wa kuingia ni saa moja kabla ya hapo.

Watu wengi hufika saa 4 kamili kwa ajili ya gwaride la kubadilishana walinzi kwenye ua wa lango la Gwanghwamun. Linachukua kama dakika 20, linarudiwa saa 8 mchana, na halina malipo kwa sababu ua huo uko nje ya lango la tiketi. Tatizo lake ni kwamba likiisha, umati wote huingia kasrini kwa pamoja. Ushauri wetu ni kuingia saa 3 na kuliacha gwaride. Saa moja ndani ya kasri lenye watu wachache ina thamani kuliko ngoma na bendera, na bendera utaziona tu ukipita.

Kasri lilijengwa mwaka 1395, miaka mitatu baada ya ufalme wa Joseon kuanzishwa. Liliungua mwaka 1592 wakati wa uvamizi wa Japani, likakaa magofu zaidi ya miaka 270, hadi lilipojengwa upya katika miaka ya 1860. Kisha ukoloni wa Japani ukavunja sehemu kubwa na kusimamisha jengo la gavana mkuu mbele ya ukumbi wa kiti cha enzi, likakamilika mwaka 1926. Jengo hilo lilibomolewa kuanzia 1995. Lango la Gwanghwamun unaloliona lilirudishwa mahali pake, kwa mbao, mwaka 2010. Kwa hiyo usishangae mbao zikionekana mpya upande mmoja na zimechakaa upande mwingine: kasri linajengwa upya kipande kwa kipande mpaka leo.

Nenda moja kwa moja hadi Geunjeongjeon, ukumbi wa kiti cha enzi. Kabla ya kukimbilia mlangoni kupiga picha, simama katikati ya ua uangalie chini. Kuna mistari miwili ya mawe mafupi yaliyosimama, yenye maandishi ya Kichina: hayo yanaonyesha kila ofisa asimame wapi kwa cheo chake, wakubwa karibu na mfalme. Karibu na ukumbi utaona pete za chuma zilizopigiliwa kwenye mawe. Hizo zilifungiwa kamba za mahema siku za jua au mvua. Mawe ya ua yameachwa na makwaruzo ili watu wasiteleze na mwanga wa jua usiwapige machoni.

Panda ngazi. Kwenye pembe kuna masufuria makubwa ya chuma; yalijazwa maji, na iliaminika kwamba pepo wa moto akija ataiona sura yake ndani ya maji na kutimka. Inua kichwa utazame chini ya ukingo wa paa: kuna wavu mwembamba. Ni wa kuzuia ndege wasijenge viota na kuchafua rangi za mbao. Ndani, nyuma ya kiti, kuna pazia la mbao lililochorwa jua, mwezi na vilele vitano. Toa noti ya won 10,000 mfukoni ulinganishe. Mchoro huohuo uko nyuma ya picha ya mfalme Sejong. Juu ya dari, sogea upande mmoja wa mlango ukaze macho, utaona mazimwi mawili ya rangi ya dhahabu. Ukisimama katikati ya mlango huyaoni.

Hapo geuka magharibi kwa Gyeonghoeru, ukumbi wa karamu uliosimama majini juu ya nguzo 48 za mawe. Kisha rudi katikati, nyuma ya makao ya malkia, kwenye bustani ndogo ya ngazi ya Amisan. Wengi huipita. Vile vinavyofanana na minara ya matofali mekundu yenye pande sita ni mabomba ya moshi. Nyumba za Kikorea hupashwa joto kutoka chini ya sakafu: moto huwashwa nje, moshi na joto hupita chini ya mawe ya chumba, halafu hutokea upande wa pili. Bomba la chumba cha malkia lilipambwa kwa maua na wanyama.

Malizia kaskazini, kwenye kidimbwi cha Hyangwonjeong na nyumba za Geoncheonggung. Ndiko malkia Myeongseong alikouawa na Wajapani mwaka 1895, na ndiko taa za umeme za kwanza Korea zilikowashwa, mwaka 1887. Ukitoka hapo usirudi lango kuu. Pitia upande wa mashariki, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Utamaduni wa Watu, utokee barabara ya Samcheong-ro. Umeokoa karibu dakika 20 na uko njiani kwenda Bukchon.

Kuhusu kukodi hanbok

Aliyevaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, haulizwi kiingilio kwenye makasri. Kukodi kwa saa mbili hadi nne huanzia kama won 15,000, hivyo kwa hesabu ya pesa tupu huokoi kitu. Vaa kwa sababu unataka kuvaa. Kanuni ni lazima uwe na sehemu zote mbili, ya juu na ya chini. Hijabu haina shida.

Mambo yanayowakera watu ni haya. Muda huanza kuhesabika mara nyingi unapochagua nguo, si unapotoka dukani, na kuchelewa kuna faini. Sketi zenye pete ya waya ndani huvutia kwenye picha lakini zinakwama kwenye ngazi za mawe na hazikubali kukaa. Omba sketi ya ndani ya kawaida. Majira ya baridi vaa suruali ya kubana ndani, maana Januari joto la Seoul hushuka chini ya sifuri mara kwa mara. Na msamaha wa kiingilio hauhusu bustani ya Huwon, hiyo utalipa.

Saa 5 asubuhi: Bukchon

Bukchon ni makazi ya watu. Hili linasemwa kila mahali na bado halisikiki, ndiyo maana tangu Novemba 2024 eneo lenye alama nyekundu, yaani kichochoro cha Bukchon-ro 11-gil chenye ile picha maarufu ya mteremko wenye mapaa pande zote, huruhusu watalii kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni tu. Tangu Machi 2025 anayekutwa nje ya muda huo hutozwa won 100,000. Walinzi wenye vizibao wako pale. Ukienda alfajiri kufuata mwanga mzuri wa picha, unanunua picha ghali.

Ndani ya muda huo pia, zungumza kwa sauti ya chini, usichungulie juu ya kuta wala kukaa kwenye vizingiti. Mabegi ya magurudumu yaache hotelini. Kelele yake kwenye mawe ya mteremko ndiyo wakazi wanayoichukia kuliko zote.

Nyumba hizi nyingi si za zama za wafalme, hata kama mabango ya watalii yanakuachia ufikiri hivyo. Zilijengwa miaka ya 1920 na 1930, pale mjenzi Jeong Se-gwon na wenzake waliponunua viwanja vikubwa vya mabwanyenye, wakavikata vidogo na kujenga nyumba za Kikorea zilizobanana ili Wakorea wa kipato cha kati wabaki katikati ya mji wakati Wajapani wakisogea. Jeong huyohuyo ndiye aliyekipa jengo chama kilichotetea lugha ya Kikorea chini ya ukoloni. Ukijua hilo, macho yanaanza kuona: vioo kwenye milango, matofali kwenye kuta za barabarani, mifereji ya bati chini ya vigae. Nyumba ya kasri haina hivyo.

Kuona ndani ya nyumba bila kumsumbua mtu, nenda nyumba ya Baek In-je, iliyojengwa mwaka 1913. Ni bure, hufungwa Jumatatu. Hiyo ni nyumba ya tajiri, na imechanganya mitindo: ukumbi wa mbao wa Kikorea, ujia wa ndani wa Kijapani. Pakiandikwa vua viatu, vua, na usikanyage kizingiti, kivuke.

Chakula cha mchana

Kula kabla ya saa 6 au baada ya saa 7. Kati ya hapo wafanyakazi wa ofisi hujaza kila meza. Ukichelewa zaidi utakutana na mapumziko ya jikoni, ambayo migahawa mingi huyaweka saa 9 hadi saa 11. Baadhi ya vyakula vya kuchemshwa mezani haviuzwi kwa mtu mmoja. Menyu itaandika sahani mbili kwenda juu. Ukiwa peke yako agiza bibimbap (wali wa kuchanganywa na mboga), supu ya tambi za kukatwa kwa kisu, au samgyetang, yaani kuku mdogo mzima aliyejazwa wali wa kunata, ginsengi, tende za Kichina na vitunguu saumu.

Kwa Mwislamu eneo hili ni gumu. Bibimbap bila nyama ndiyo salama kiasi. Sema "gogi ppae juseyo", yaani toa nyama tafadhali, na ujue kwamba uji wa pilipili wa viwandani mara nyingine huwa na kileo. Anayetaka uhakika apande treni Anguk, abadilishe Yaksu kwenda njia namba 6, ashuke Itaewon, kwenye migahawa ya halali kando ya msikiti mkuu wa Seoul uliofunguliwa 1976. Ongeza saa moja na nusu kwenye ratiba.

Hakuna bahshishi. Mapipa ya taka barabarani ni machache mno, beba mfuko wako.

Saa 8 mchana: Changdeokgung na Huwon

Kutoka kituo cha Anguk, mlango wa 3, ni dakika tano hivi. Kiingilio cha kasri ni won 3,000 na bustani ni won 5,000 zaidi. Hapa ndipo wengi hukosea: lango la bustani liko ndani kabisa ya kasri, kiasi cha dakika 10 kutoka dirisha la tiketi. Mtu anafika dirishani saa 8:28 akiwa na tiketi ya saa 8:30, na kundi linaondoka bila yeye. Uwe ndani ya kasri angalau dakika 30 kabla.

Tumia nusu saa hiyo kwenye ukumbi wa Injeongjeon. Gyeongbokgung uliona sakafu ya matofali. Hapa kuna sakafu ya mbao, mapazia na taa za umeme zinazoning'inia, mabadiliko ya mwanzoni mwa karne ya 20, siku za mwisho za ufalme. Kasri lenyewe lilianza mwaka 1405, na baada ya moto wa 1592 ndilo lililokuwa makao makuu ya wafalme kwa muda mrefu. UNESCO ililiorodhesha mwaka 1997. Majengo yake hayafuati mstari ulionyooka. Yamekaa kama mlima ulivyoruhusu.

Bustanini chukua saa moja na nusu, kuna kupanda na kushuka. Kidimbwi cha Buyongji ni cha mraba na kisiwa chake ni cha duara, maana kwao ardhi ilikuwa mraba na mbingu duara. Jengo la juu yake lilikuwa maktaba aliyoianzisha mfalme Jeongjo mwaka 1776. Lango la katikati lilikuwa la mfalme. Maofisa walipita vilango vya pembeni vilivyo vifupi, ili kila anayeingia ainame. Mbele kidogo kuna lango la Bullomun lililochongwa kutoka jiwe moja, na inasemekana anayepita chini yake hazeeki. Choo kitumie kabla ya kuingia, na usitegemee kununua maji njiani.

Ukitoka, kama miguu bado ina nguvu, pitia Nakseonjae upande wa mashariki wa kasri. Mbao zake hazikupakwa rangi, na binti mfalme Deokhye aliishi humo hadi alipofariki mwaka 1989.

Jioni

Chagua kimoja. Insadong ina karatasi za mkono, brashi na chai, na hekalu la Jogyesa liko hatua chache. Wiki kabla ya siku ya kuzaliwa Budha ua wake wote hufunikwa na taa za karatasi. Ikseon-dong ni mtaa mwingine wa nyumba za miaka ya 1920 na 1930, sasa umejaa mikahawa, na vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba Jumamosi jioni hamwendi mnasukumwa. Tunaipendekeza siku za kazi tu.

Mwenye njaa aende soko la Gwangjang, lililoanza 1905, kituo cha Jongno 5-ga, mlango wa 8. Agiza bindaetteok, chapati nene ya choroko zilizosagwa kwa jiwe mbele yako na kukaangwa kwenye mafuta mengi. Nyingine huchanganywa nyama ya nguruwe, uliza. Angalia bei iliyoandikwa na ukubwa wa sahani kabla ya kukaa, na ukatae kwa upole ukiongezewa kitu ambacho hukuagiza.

Anayetaka kasri la usiku aende Deoksugung au Changgyeonggung: zote mbili ziko wazi hadi saa 3 usiku, mwisho wa kuingia saa 2, kwa won 1,000.

Ikiwa siku yako pekee ni Jumatatu au Jumanne

Jumatatu: Gyeongbokgung asubuhi, Bukchon, kisha Jongmyo, hekalu la kumbukumbu za wafalme, won 1,000. Siku za kazi Jongmyo huingiwa na kundi lenye mwongozaji pekee, hivyo angalia saa ya kundi la Kiingereza mapema. Njia ya mawe iliyoinuka katikati ni ya roho za waliokufa. Tembea pembeni yake. Jumanne: Changdeokgung saa 3 asubuhi pamoja na Huwon, toka uende Bukchon, na jioni umalizie Deoksugung. Gyeongbokgung utaiona kwa nje, langoni, bila walinzi wala gwaride.